Dole Gumba la Mfaume

Walimwuliza: ni kweli au si kweli?
Akajibu: ni kweli.
Karani akaandika, hakimu akainama kuandika pia,
na kabla chai ya saa nne haijapoa pale Tandahimba
kijana ana miaka mitano.

Mimi nilikana.
Nilikana mwaka mzima na miezi minne,
mashahidi saba, daftari la chama likasomwa ukurasa kwa ukurasa,
na bado niko hapa Lilungu, mkeka mmoja naye,
nawaandikia wenzangu rufaa
kwa sababu zamani nilikuwa katibu na mwandiko wangu unasomeka.

Namwambia, Mfaume, sikiliza.
Aliyekiri hana rufaa juu ya kosa,
amebakiwa na adhabu tu ya kulalamikia.
Labda (hapa nashusha sauti, askari yuko mlangoni)
labda tuseme hukuelewa.
Tuseme shitaka lilisomwa mbiombio,
Kimakonde ndicho ulichonyonya,
Kiswahili cha mahakamani kikakupita juu kwa juu.
Majaji huwa wanalipima hilo. Kesi inaweza kuanza upya.

Ananitazama kama nimemtaka auze kaburi la baba yake.
"Nilielewa. Hata angenisomea kasuku ningeelewa.
Mifuko minne ya salfa, usiku wa kuamkia Ijumaa,
kufuli nilivunja kwa mtaimbo wa kuazima.
Andika hivyo hivyo.
Mimi sikatai kosa. Nakataa hesabu."

Hesabu, basi.
Mikorosho ya mama yake kule Kitama, thelathini na sita,
maua yameingia ubwiri unga, yamepauka kama yamemwagiwa majivu.
Ruzuku imekuja, orodha imebandikwa,
jina la Somoe Nanjota halimo.
Mama akaenda ofisini mara tatu: rudi Jumatatu.
Ubwiri unga haujui Jumatatu.
Mwana akavunja, akabeba, akapuliza alfajiri umande ungalipo,
na polisi walipofika kutafuta kidhibiti
kidhibiti kilikuwa juu ya majani.

"Orodha aliandika nani?" nauliza, kalamu imesimama.
"Katibu. Simjui."

Si mimi. Kata yetu ni nyingine, iko mbali.
Lakini najua jina linavyorukwa kwenye orodha:
unaanza na la juu yake, unamalizia na la chini yake,
mkono hautetemeki hata kidogo.
Hilo mashahidi saba hawakulisema
na mimi sikuulizwa.

Nageuza karatasi.
Kwamba mrufani ni mkosaji wa mara ya kwanza.
Kwamba hakuisumbua mahakama hata nusu saa.
Kwamba hakimu alipewa kweli bure
akaipokea kama deni lililochelewa
— hapana, hilo nafuta, majaji hawapendi mafumbo —
kwamba ana mama, mgongo umepinda,
na palizi ya mwakani haina mtu.
Naandika taratibu kuliko nilivyowahi kuandika jambo lolote,
kila herufi naiwekea kichwa na miguu.
Kwenye nafasi ya jina la mama
nalirudia mara mbili. Halafu nakata moja.

Askari analeta kidau cha wino.
"Dole gumba la kulia."
Mfaume anabonyeza.
Linatoka doa tu, jeusi, laini, halina hata mstari.
Anafuta kwenye kaptula, anabonyeza tena.
Doa.
Miaka mitatu alibangua korosho kiwandani bila glavu,
mafuta ya ganda yamekula alama zote.
Askari anakuna kisogo:
"Sasa Mahakama Kuu watajuaje kuwa ni wewe?"

"Waniite," anasema Mfaume.
"Wakiniuliza, nitasema."